Chupa ya Nne ya Justa

Chupa ilichimbuliwa chini ya mwamba asubuhi, na kufikia saa ya chai mtaa mzima wa juu kule Igogo, Mwanza, ulikuwa umeshakubaliana kwamba Justa ni mchawi. Watu wa mtaa ule hawakubaliani hata zamu ya kufagia ngazi, lakini kwenye hilo walikubaliana bila kupiga kura.

Waliochimbua hawakuwa na nia mbaya. Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga Queen, binti pekee wa Justa, kabla ya harusi, ilikuwa inatafuta mahali pasipo na jua pa kuweka kreti za soda. Nyumba ya Justa, kama nyumba nyingi za kilima kile, imeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na nyuma ya jiko jiwe hilo limeacha uwazi, kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Humo mna ubaridi mwaka mzima, hata Septemba, jua linapowakaanga watu pamoja na mabati yao. Wanakamati wakaingiza mikono, wakagusa mtungi, wakauvuta nje. Umejaa mchanga wa ziwani. Wakaupekua mchanga, wakakuta chupa imelazwa ubavu kama mgonjwa, ndani yake kitu cheusi, na upande wa chini uzito umeganda kama tope.

Sasa hebu jumlisha. Mjane. Mtungi. Mwamba. Chupa ya zamani yenye tope ndani. Usukumani. Hapo hata mwenye digrii mbili anarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji," alisema Masele, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Justa na mwenyekiti wa kamati, akiwa amesimama mbali na chupa kana kwamba ina meno. "Hii ni nini?"

"Mvinyo."

"Mvinyo unakaa dukani."

"Na wewe unakaa kwako, lakini leo uko jikoni kwangu."

"Mvinyo gani una matope?"

"Hayo ni mashapo. Mvinyo mwekundu ukizeeka unaangusha mashapo, kama wewe ulivyoangusha nywele."

Masele alipapasa upara wake kabla hajajizuia. "Na kwa nini umeufukia?"

"Nimeulaza. Hautaki jua, hautaki joto, hautaki kutikiswa, na kizibo chake hakitaki kukauka."

"Kwa hiyo unataka nini, huo mvinyo wako?"

"Unataka kuachwa," alisema Justa, akainyakua chupa mikononi mwa mjumbe aliyekuwa anaitikisa kusikiliza kama kuna kitu kinachogonga. "Kama mimi."

Justa ni Mhaya wa Kamachumu, aliyeletwa Mwanza na ndoa. Amekaa kwenye kilima kile ujana wake wote mpaka mvi za kwanza, na bado ukoo wa mumewe unamwita "yule wa Bukoba", kana kwamba amekuja likizo. Baba yake alikuwa mkamuaji wa pombe ya ndizi, na nyumbani kwao mtoto alifundishwa kunusa kabla hajafundishwa kusalimia: ya jana inanukaje, ya juzi inanukaje, hii imekamuliwa na mvivu. Kwa hiyo alipopata kazi ya kuhudumia meza kwenye hoteli moja ya ufukweni, na mkuu wa wahudumu akawapa glasi ya mvinyo mwekundu wanuse, Justa hakucheka kama wenzake. Aliingiza pua yote.

Mkuu huyo aliitwa Venant, Mkerewe mwenye maringo, aliyevaa tai ya kipepeo hata akienda kununua dagaa. Mambo ya mvinyo alijifunzia Nairobi, na alikuwa na hasira ya kudumu dhidi ya neno moja.

"Usiniambie 'mtamu'. Mtamu ni keki. Niambie unanuka nini."

"Zambarau," alisema Justa.

"Zambarau zipi?"

"Zilizoanguka. Siyo za mtini."

Venant akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kupiga makofi.

Hoteli ilipouzwa, tajiri mpya aliingia stoo akakuta mvinyo mwekundu wenye mwaka wa zamani kwenye lebo. Akatafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, hakuiona. Akasema bidhaa imeharibika, wafanyakazi wagawane. Wengine waliuchanganya na koka na barafu, wakaimba mpaka sauti zikakauka, kesho yake wakalalamika kwamba ni mchachu. Justa, wakati huo akiwa na Queen mchanga mgongoni, alichukua chupa nne alizochaguliwa na Venant. Ulikuwa mvinyo wa Afrika Kusini, wa zabibu za kuchanganya, kabernei na melo, uliotengenezwa kwa mtindo wa Bordo kule Ufaransa, ambako mtu anaweka chupa ndani akijua atakayeinywa labda bado hajatambaa.

"Huu ukiunywa leo utakupiga makofi," Venant alimwonya. "Utakuja kuongea vizuri huko mbele."

Justa hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Chupa ya kwanza aliifungua Queen alipotimiza mwaka, na kweli ilimpiga makofi. Rangi ilikuwa nyeusi ya zambarau, na ukakasi wake ulimshika fizi kama ganda la ndizi mbichi. Mayala, mume wake, fundi wa injini za boti na mtu mwema, alionja akauliza kama hicho ndicho wazungu wanachosafishia kabureta.

Ya pili aliifungua Queen alipomaliza darasa la saba, na ilikuwa bubu. Haikunuka kitu. Justa alikasirika, akamfuata Venant Butimba, alikostaafu pamoja na magoti yake mabovu.

"Mvinyo wa namna hii unapita kwenye umri wa kununa," alisema Venant. "Una binti wa rika hilo ndani ya nyumba, halafu unanishangaa mimi?"

Ya tatu ndiyo iliyomharibia jina. Mayala alifariki, na siku ya kumaliza matanga, ukoo ukiwa uani unajadili koti lake nani alivae, Justa alizunguka nyuma ya jiko, akarudi na chupa, akakaa mkekani na kitambaa cha msiba kichwani, akanywa glasi moja taratibu mbele ya wote. Humo mlikuwa na tumbaku. Mlikuwa na ngozi, na zile zambarau zilikuwa zimesinyaa zikawa kama zilizoanikwa juu ya bati. Ukakasi ulikuwa umelainika kama khanga iliyofuliwa miaka. Alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Masele hakuona chozi. Aliona mjane anakunywa pombe, akamwita mlevi, na jina likakaa.

Justa akaendelea na maisha. Aliuza mapazia ya mitumba kwenye soko la Mlango Mmoja, akamsomesha Queen ualimu palepale Butimba, na kila alipopata chupa yoyote nyekundu, ya Dodoma au ya mbali, alimwita Venant Jumapili mchana wakaonja mlangoni, wakizungusha glasi, wakinusa, wakibishana, wakitema kwenye ndoo. Huko kutema ndiko hasa kulikowaudhi majirani. Mlevi anayekunywa walimzoea, ni ndugu yao. Mlevi anayetema pombe hawakuwahi kumwona, wakahisi pana jambo.

Chupa ya nne ilikuwa ya Queen. Justa alimwahidi tangu yuko darasa la kwanza: siku ya kukuaga nitakumiminia mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya wakwe zako, na utakunywa kitu cha rika lako.

Na sasa Queen alikuwa anaagwa, chupa imechimbuliwa, na kamati imeitisha kikao cha dharura. Kwa desturi mama mzazi hakai kwenye kamati. Analetewa taarifa tu, kama mgonjwa anavyoletewa majibu ya maabara. Justa alivuta ndoo, akaigeuza, akakalia.

"Wakwe wamepiga simu kutoka Misungwi," Masele alianza. "Habari zimefika huko kabla hata sisi hatujamaliza chai. Mama wa bwana harusi anauliza kama ni kweli nyumba anayomchukulia mwanawe mke ina mitungi chini ya mawe."

"Mwambie ndiyo. Na juu ya mawe kuna mwanamke, anamsalimia."

"Shemeji, hapa hatutaniani. Chupa ile itupwe ziwani."

"Sato watalewa, mtakosa kitoweo cha sherehe."

Wajumbe wawili walicheka. Masele akawatazama, wakafunga midomo.

"Basi nisikilize. Ukiingia ukumbini na chupa ile, kiti cha mama mzazi atakikalia Hellen."

Hellen alikuwa mke wake, na alikuwa palepale kikaoni, tayari amenyoosha mgongo kana kwamba kiti kimeshaletwa.

"Queen nimemzaa mimi," alisema Justa.

"Hakuna anayebisha. Tunazungumzia viti."

"Na mimi ninazungumzia chupa. Nitaingia nayo."

"Basi utakaa nyuma, na wapishi."

"Wapishi ndio wenye nyama. Umenionea huruma, shemeji."

Alisema hivyo akanyanyuka na ndoo yake, lakini alipofika nyuma ya jiko aliigeuza akaikalia tena, uso ameuelekeza kwenye mwamba. Kiti cha mama mzazi si samani. Ndiko binti anakopiga magoti kuaga. Ndiko wakwe wanakokuja kushika mkono. Atakayekalia siku ile, hata picha zitasema yeye ndiye mama.

Queen alimkuta hapo jioni, bado na chaki kwenye kucha kutoka darasani kwake.

"Mama, si uiache tu? Tutakunywa wawili, humu ndani, baada ya sherehe."

"Nikiificha nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba kilichokuwa kwenye mtungi ni dawa." Justa alishusha sauti. "Mlevi nimeitwa, nimezoea, hata ninajibu. Lakini hili la sasa silivai, Queen. Mwanamke akiachia liitwe mara moja upande huu, linamsubiri njiani mpaka macho yake yawe mekundu kwa moshi wa jiko. Wewe unajua vikongwe wa namna hiyo wanavyokatwa mapanga."

Queen alijua. Akachokonoa chaki kwenye kucha.

"Na kama umeharibika?" aliuliza mwishowe. "Miaka yote hiyo, mama. Chini ya jiwe. Halafu asubuhi wameutikisa kama dawa ya kikohozi. Ukifungua ukakuta siki?"

Hilo hata Venant asingeweza kumwambia. Mvinyo wa umri ule ni kama mzee aliyelala, huwezi kujua mpaka umguse.

"Nitakunywa siki," alisema. "Nikiwa nimesimama."

Chupa aliisimamisha juu ya kabati mashapo yashuke, akakataza mtu kufunga mlango kwa nguvu. Siku ya sherehe ilipofika alivaa sare ya kitenge kama wazazi wote, akashuka ngazi za kilima ameishika wima kwa mikono miwili, hatua moja, kupumzika, hatua moja, kama mtu aliyebeba Ekaristi. Majirani walimpisha njia. Wengine walimpisha mpaka wakaingia mtaroni.

Sendofu ilifanyika mchana, kwa sababu jioni ukumbi ulikuwa umekodiwa na watu wenye kamati bora zaidi. Meza kuu ilikuwa na vitambaa vya rangi ya maziwa. Queen alikaa katikati, amepambwa mpaka akashindwa kugeuza shingo, na kulia kwake, kwenye kiti kilichofungwa utepe, alikaa Hellen, na kilemba cha urefu wa mnara wa simu. Upande wa pili walikaa wakwe: Elias, bwana harusi mtarajiwa, akitokwa jasho, na mama yake, Rebeka, mama wa ng'ombe na mpunga, aliyevuka mito mingi ya maneno kutoka Misungwi na uso usiosema kitu.

Justa hakwenda kwa wapishi. Alipita katikati ya ukumbi, Venant akimfuata na tai yake ya kipepeo, jagi la kioo mkono mmoja na mkongojo mkono mwingine.

MC Chenge, kijana wa kukodi ambaye hakupewa habari zozote, alifurahi kuona chupa.

"Oyaaa! Mama wa nguvu na shampeni ya nguvu! Wazazi, tupige bomu au tusipige?" Akarukia kuikamata, tayari ameinua kiganja kuikung'uta kitako, kama inavyofanywa kwenye kila sherehe kutoka hapo mpaka Sengerema.

"Ukiitikisa, na mimi ninakutikisa," alisema Justa.

Chenge akairudisha mikono yake mifukoni.

Masele alishasimama. "Shemeji! Tulikubaliana!"

"Ulikubaliana na Hellen. Mimi nilikwambia nitaingia nayo. Nimeingia."

"Mbele ya wageni unatutia aibu?"

"Aibu mmeitangaza nyinyi mpaka Misungwi, kwa simu. Mimi nimekuja kuifungua watu waione ina nini ndani."

Wapishi waliacha majiko wakaja kuchungulia. Hapo ndipo Rebeka, mama yake Elias, alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Kwetu, anayemimina ndiye anayeonja kwanza," alisema. Hakumsalimia, hakutabasamu. "Kama kuna kitu ndani, kianze naye."

"Na kwetu ni vivyo hivyo, mama," alisema Justa. "Hata huko ulikobuniwa mvinyo huu ni vivyo hivyo. Umenena."

Akaiweka chupa juu ya meza kuu, mbele kabisa ya Hellen, ambaye aliegemea nyuma mpaka kilemba kikagusa pambo la ukutani.

Kizibo kilikatika katikati. Sauti ya "aaah" ikapita ukumbini kama upepo kwenye migomba. Justa aliisokota opena upya, kwa mshazari, ulimi nje, akavuta nusu iliyobaki polepole mpaka ikatoka nzima. Venant akawasha mshumaa.

"Mshumaa mchana!" mtu akanong'ona kwa nguvu.

"Na umeme upo!"

"Ni wa kuonea mashapo," alisema Venant kwa dharau. "Yakifika shingoni anaacha kumimina. Nyinyi mngeyanywa, mkaita supu."

Justa akainamisha chupa juu ya jagi, mshumaa nyuma ya shingo yake, mwanga ukipita ndani. Mvinyo ulishuka kama uzi. Haukuwa mweusi tena. Ulikuwa na rangi ya tofali la kuchoma, na pembeni, kwenye kioo cha jagi, ulififia ukawa karibu na chai. Mkono wake ulikuwa mahali pake. Uzi wa kwanza wa mashapo ulipotokeza shingoni, akainua chupa.

Kisha akamimina kidogo kwenye glasi, akaizungusha, akaingiza pua.

Shuka. Harufu ya shuka lililosahauliwa kwenye beseni la maji.

Alifumba macho. Watu waliona mwanamke amefumba macho mbele ya mshumaa na chombo chekundu mkononi, wakafikiri walichofikiri; mama mmoja wa kwaya alianza kukemea kwa jina la Yesu, kwa sauti ya chini, akijaribu. Justa hakuwasikia. Alikuwa anafikiria kwamba Masele, kwa mara ya kwanza maishani mwake, huenda alisema kweli bila kujua: kilichomo kimeharibika. Kwamba ataongozwa kutoka nje, na mwanawe atapiga magoti kwa kilemba cha mtu mwingine.

"Usihukumu," Venant alimwambia pembeni ya sikio. "Umefungiwa miaka yote hiyo. Na wewe ungetoka unanuka."

Akasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri, bila kujua unasubiri nini. Chenge, ambaye analipwa ili pasiwe na kimya, alijaribu. "Wazazi, tukiwa bado tunanusa..."

"Kaa kimya, unaamka," alisema Justa.

"Anauamsha!" mama wa kwaya akapiga yowe, na meza mbili za nyuma zikahamia karibu na mlango.

Justa alizungusha tena, akanusa tena. Lile shuka lilikuwa limeondoka. Nyuma yake, kwa mbali, kama mtu anayekuja kwa miguu kutoka bondeni, ilikuja tumbaku. Ikaja ngozi. Ukaja uyoga, ule wa mvua za kwanza, na udongo uliotoka nao. Na mwisho, dhaifu, ya kutafutwa, zambarau moja kavu.

Alikunywa. Aliuzungusha mvinyo mdomoni, mashavu yakicheza, midomo ikivuta hewa kwa mlio, huku watoto wakicheka na wazee wakikunja uso. Ukakasi ulikuwa umebaki kama kumbukumbu ya ukakasi. Ulikuwa mvinyo mzee, hauna nguvu za kugombana na mtu, labda umebakiza saa moja ya kuongea katika maisha yake yote. Lakini ulikuwa hai, na ulikuwa unaongea.

Alimeza. Ndoo hakuitafuta.

Watu walimtazama. Hakuanguka. Hakugeuka fisi. Akaweka glasi mezani, akaangalia ukumbi wote, kuanzia meza za mlangoni.

"Haya," alisema. "Nimeonja kwanza. Nani mwingine anataka kunitangaza?"

Aliyesogea alikuwa Queen. Aliinuka na mapambo yake yote, akijishika mezani.

"Queen, kaa chini," alisema Masele.

"Baba mkubwa, ninamiminiwa na mama yangu. Nikatae?" Akazunguka meza, akasimama mbele ya Justa, akanyoosha glasi kwa mikono miwili.

Justa alimmiminia. Queen akanywa kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo, akakunja uso.

"Mama, mbona hauna sukari?"

"Mimi nakuuliza unanuka nini."

Queen akarudisha pua kwenye glasi. Alikaa humo muda. Halafu uso wake ukafunguka.

"Penseli," alisema. "Penseli iliyochongwa sasa hivi. Darasani kwangu asubuhi, kabla watoto hawajaanza kelele."

"Penseli!" Venant aligonga mkongojo sakafuni. "Mimi hiyo niliitafuta mwaka mzima Nairobi!"

Rebeka naye alikuwa amesimama. Alikuja mpaka kwenye jagi, akasimama ana kwa ana na Justa, wanawake wawili wa kimo kimoja.

"Kanisa letu halinywi," alisema.

"Pua haijabatizwa, mama. Nusa tu."

Rebeka aliinamia glasi ya Queen. Alinusa kama anavyonusa maziwa asubuhi, bila haraka, kama mtu ambaye ameshawahi kuuziwa mabaya. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa uleule, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mfuko wa ngozi wa baba yangu. Alikuwa anawekea tumbaku." Akageukia ukumbi. "Hii si dawa. Dawa naijua harufu yake."

Kila mtu akajiuliza ameijulia wapi.

Hakuna aliyethubutu kuuliza. Badala yake kikatokea kitu ambacho kamati haikukipanga: foleni. Ilianza na wajumbe wawili, wale waliocheka kikaoni, kisha Elias, kisha mama wa kwaya, aliyedai anataka kuhakikisha. Justa aliwamiminia kila mmoja kiasi cha kulowesha ulimi, na hakumwachia mtu kabla hajataja harufu. Mmoja alisema stoo ya pamba. Mmoja alisema kiatu. Mama wa kwaya alisema mtamu, akarudishwa mwisho wa foleni. Jirani mmoja alikuja na glasi ambayo ameshaitia koka, Justa akamtazama, jirani akainywa koka yake palepale na kuomba radhi.

Hellen aliangalia foleni ile kutoka kwenye kiti chenye utepe. Aliangalia watu wanavyorudi wakinusa glasi zao, wakibishana kuhusu uyoga. Aliangalia jagi linavyopungua. Mume wake alimkonyeza akae. Hellen aliangalia jagi tena, akashika kilemba kwa mkono mmoja, glasi kwa mwingine, akainuka.

"Mwenzangu, na mimi tone," alisema, akijaribu kutomtazama Masele. "Kabla halijaisha."

"Karibu sana," alisema Justa. Alimmiminia vizuri kuliko wote, glasi nusu nzima. "Zungusha kwanza. Hapana, siyo hivyo, utanimwagia. Kaka Venant, mwonyeshe. Mpeleke pale dirishani aione na rangi."

Hellen akaongozwa dirishani. Justa akazunguka meza kuu, akavuta kile kiti, akakaa, akapanga kitenge chake magotini. Queen, bila kuambiwa na MC yeyote, akaja akapiga magoti mbele yake, na mpiga picha, ambaye kazi yake ni kupiga popote mwali anapopiga magoti, akapiga.

"Shemeji," Masele aliinama karibu naye, akiongea kwa meno, akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Hicho kiti kina mtu."

"Naam," alisema Justa. "Amekaa."